Nilimwambia Nimepaona

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, umepaona pa kutokea?" Nikamjibu, "Nimepaona." Alikuwa ameketi juu ya jabali, mitungi yetu miwili imelala kando yake, miwani ya kuzamia imemning'inia shingoni. Mimi ndiyo kwanza nafika, nimetembea juani, nahema, na nilichokitaka ni kuingia majini basi. Sikuwa nimepaona.

Mambo haya yalitokea Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibi kilicho kaskazini mwa pwani ya Venezuela. Tangu Oktoba 2010 ni sehemu ya Uholanzi kiutawala, kwa hiyo sisi tunaoishi Rotterdam tunakwenda kule kama mtu anayekwenda wilaya ya mbali, ila wilaya yenyewe iko ng'ambo ya Atlantiki. Wazamiaji wanakipenda kwa sababu moja kubwa: huhitaji mashua. Unakodi pikapu, unapakia mitungi ya hewa, unafuata barabara ya pwani ya magharibi ambako upepo haupigi maji, na kila baada ya mwendo mfupi unakuta jiwe limepakwa rangi ya njano na kuandikwa jina la mahali. Unaegesha, unavaa, unaingia kwa miguu yako. Mwamba uko hapo hapo. Bahari yote inayokizunguka kisiwa, hadi kina cha mita 60, ni hifadhi tangu 1979, na ukitia uso majini unaelewa wamelinda nini.

Desturi ya kule ni kuanza kwa kwenda kinyume cha mkondo, hewa ikifika nusu unageuka, mkondo unakurudisha ulikotoka. Lakini kuna mzamio wa aina nyingine: unaingia hapa, unatokea kule. Kwa Kiswahili nimeutafutia jina zuri nikashindwa, maana kila ninalopata, mara "kwenda bila kurudi", mara "safari ya upande mmoja", linasikika kama tangazo la msiba. Tuuite mzamio wa kwenda tu.

Kisiwani Bonaire mzamio wa kwenda tu unaosifika ni ule wa kuanzia La Dania's Leap hadi Karpata. Pale La Dania's Leap hakuna ufukwe. Kuna jabali lenye ncha kali kama wembe, nalo limeliwa na bahari kwa chini, kwa hiyo ukingo wake umetokeza juu ya maji kama upenu wa nyumba. Unasimama ukingoni na mzigo wako wote, unapiga hatua moja ndefu, unaanguka. Ukishaanguka, huwezi kupanda tena pale. Utatokea Karpata, kaskazini zaidi, ambako kuna ngazi na saruji ya kukanyaga.

Na barabara nayo ni ya kwenda tu. Sehemu ile ya pwani ni nyembamba, na magari yanaruhusiwa kuelekea kaskazini peke yake. Ukipeleka gari Karpata huwezi kugeuza. Lazima ushike njia ya ndani, upitie kijiji cha Rincon, uzunguke nusu ya kisiwa. Kwa hiyo wenye akili hufanya hivi: wanashusha vyombo na mwenzao mmoja pale jabalini, mwingine anaendesha mpaka Karpata, anaegesha, anashuka majini kwenye pa kutokea, anapakagua na kuweka alama kichwani, kisha anarudi kwa miguu.

Mimi nilifanya yote isipokuwa moja. Niliegesha Karpata karibu na jiwe la njano. Nikaacha vioo wazi na milango bila kufunga, maana ndivyo wenyeji wanavyokushauri: usiache kitu garini, wezi wafungue waone hakuna, waende zao bila kuvunja kioo. Nikafunga ufunguo kwenye kamba, nikautia mfukoni. Nikasikia mawimbi huko chini yakipiga saruji. Ngazi ziko pale, hatua chache. Nikawaza: ngazi ni ngazi, zitanikimbia wapi? Nikageuka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikushuka, na jibu la kwanza lililonijia, uchovu, ni la kujipendelea. Kweli ni kwamba niliona haya kujikagulia. Nimezaliwa Wasini, kisiwa cha pwani ya Kenya. Baba yangu alikuwa mvuvi, na mkondo wa kati ya Wasini na Shimoni niliujua kabla sijajua kusoma. Nimekuwa nikizamia kwa miaka ishirini na kitu. Mtu kama mimi anashuka kukagua ngazi kama mwanagenzi?

Uzoefu huo ndio ulioniponza zaidi ya ngazi. Kwetu mkondo una ratiba. Unaangalia mwezi, unajua kama ni bamvua au maji mafu, unajua maji yatajaa saa ngapi na yatatoka saa ngapi, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Mtoto wa Wasini hahitaji kutazama maji, anahesabu siku. Bonaire maji hayajai wala hayapwi kwa maana tunayoijua sisi. Tofauti ni ya shubiri moja au mbili. Siku ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilicheka. Nikamwambia mpwa wangu, "Hii si bahari, hii ni birika." Nikajengea mpango wangu wote juu ya mzaha ule: pasipo na kujaa na kupwa, nikajiaminisha, hapana mkondo wa kuogopa. Mkondo wa kule upo, ila hauna ratiba. Leo unakwenda kaskazini, kesho kusini, na njia ya kuujua ni moja tu: kuyatazama maji, siku hiyo, saa hiyo. Ujuzi wangu wote ulinifundisha kutoyatazama.

Na maji yalikuwa yakisema. Mbele ya jabali kulikuwa na boya la kufungia mashua, kama yaliyopo karibu kila mahali pa kuzamia kule. Lilikuwa limeinama, na nyuma yake maji yamepasuka mkia mdogo, kama wa bata anayeogelea. Nililiona vizuri sana. Nikajiambia ni upepo. Upepo wa Bonaire unatoka mashariki, unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini; ungelisukuma boya magharibi, mbali nasi. Mkia ule ulielekea kusini. Sisi tulikuwa tunakwenda kaskazini.

Kuna hesabu pia. Hii inaniuma kuliko boya, kwa sababu niliifanya usiku uliotangulia, mezani, nimetulia, kahawa mkononi. Mtungi wa kawaida wa alumini una ujazo wa lita 11 hivi. Ukijazwa hadi baa 200 (baa ya vipimo, si ile ya jioni) unabeba lita 2,200 za hewa. Baa 50 ni akiba, haziguswi. Zinabaki lita 1,650. Mimi nikiwa juu ya maji navuta kama lita 14 kwa dakika. Kwenye kina cha mita 15 shinikizo ni mara mbili na nusu, kwa hiyo navuta 35. Gawanya: dakika 47. Nikaweka kidole kwenye ramani ya watalii, nikakisia mita 700 kutoka La Dania's Leap hadi Karpata. Mzamiaji asiye na haraka huenda kama mita 15 kwa dakika: dakika 47. Nikafurahi kuona namba mbili zimelingana, kumbe kulingana kwake maana yake hapakuwa na dakika hata moja ya kupotea.

Halafu hesabu yenyewe ilikuwa ya mapafu yangu. Mpwa wangu alijifunza kuzamia Zeeland, kule Uholanzi, kwenye maji baridi na giza, ndani ya suti nene, na amebaki na ile pumzi ya mtu anayeshtukashtuka. Siku tatu mfululizo nilikuwa nimeitazama geji yake na kukisia kwamba anavuta kama lita 22. Kwenye mita 15 hiyo ni lita 55 kwa dakika. Dakika 30. Sikuhitaji kalamu kuliona. Nilichofanya ni kujisemea kwamba maji ya joto yatamtuliza.

Tukaruka.

Niseme jambo moja la kuutetea mwamba ule, kwa kuwa haukunikosea kitu. Ukishuka pale unakuta ukuta unateremka kwenye buluu, umejaa matumbawe ya kila umbo na sponji refu kama mabomba ya zambarau, na pono wanatafuna mwamba kwa sauti unayoisikia wazi, kru, kru, kama mtu anayekula miwa jirani yako. Nilikuwa na dakika moja ya furaha kamili. Kisha nikayaona matumbawe laini, yale yanayofanana na manyoya, yote yameinama upande mmoja. Yalikuwa yakitupungia kutoka tunakokwenda.

Hapo palikuwa na njia. Tungegeuka dakika ile ile, tukauachia mkondo utuchukue kusini, tungefika Ol' Blue, ambako kuna ufukwe wa changarawe na unatoka ukitembea. Nilikuwa nauona kwenye ramani kichwani. Lakini gari lilikuwa Karpata na ufunguo mfukoni mwangu, na nilikuwa nimeshasema nimepaona. Nikamwonyesha ishara ya kwenda mbele. Akanirudishia ishara ya sawa. Tukaanza kupiga mapezi.

Dakika ya 24 aliniletea geji yake usoni. Baa 60. Mimi nilikuwa na 110. Ukuta tuliokuwa tunaupita ulikuwa umejaa vichuguu na mifereji, kila mfereji nikiufikiria kuwa ndio wa Karpata. Sikuwa na alama ya kulinganisha nayo. Laiti ningeshuka zile ngazi nikatia uso majini, ningejua hata rangi ya mwamba wake. Sikujua kama tumebakiza mita 50 au 400. Ndiyo maana ya kutokuona pa kutokea: hupotei kwa kukosa njia, maana njia ni moja, mwamba kulia na buluu kushoto; unapotea kwa kutojua umefika wapi.

Nikampandisha hadi mita tano, ambako hewa inadumu zaidi, nikampa kidomo changu cha akiba, kile ambacho wazamiaji wanakiita pweza. Alikishika kwa mikono miwili. Macho yake nyuma ya kioo yalikuwa makubwa, lakini hakutapatapa. Alinitazama kama anavyonitazama tangu ana miaka sita, akingoja nimwambie la kufanya. Tulikaa pale dakika tatu za kituo cha usalama, tumeshikana mikanda, na katika dakika hizo tatu niliuona ukuta ukitupita, taratibu, kuelekea tusikotaka. Tulikuwa tunarudi nyuma.

Juu hapakuwa na cha kushika. Jabali lilikuwa mita 30 kutoka kwetu, refu, limetokeza, mawimbi yanaingia chini yake na kutoka na sauti ya ngoma mbovu. Upepo ulitusukuma nje. Nikasema, "Tunarudi kusini, tutatokea Ol' Blue." Nilisema kwa sauti ya mtu ambaye huo ndio uliokuwa mpango wake wa pili tangu mwanzo. Haukuwepo. Tuliogelea chali, jaketi zimejazwa, tukipiga mapezi kuelekea nchi kavu ili upepo usituchukue, kwa muda wa karibu saa nzima. Hakuna aliyeumia. Naliandika waziwazi ili asidhani mtu kwamba nasimulia ajali. Tulitoka kwenye changarawe kwa magoti, mitungi ikigongana, mbele ya mzee mmoja na mkewe waliokuwa wanakula mkate chini ya mwavuli, nao wakatupigia makofi.

Tuliwaachia vyombo tukaenda kuchukua gari. Magari yalikuwa yakitupita, yote yanaelekea huko huko tunakokwenda, maana hakuna njia nyingine. Yeyote angetubeba. Sikusimamisha hata moja, na mpwa wangu hakunihimiza. Tulitembea na viatu vya mpira vinavyotoa maji kila hatua, jua la saa sita, madungusi na mbuzi upande mmoja, bahari upande wa pili ikiwa shwari kama uso wa mtu asiyejua kitu. Tulipofika Karpata yeye alikwenda moja kwa moja hadi juu ya ngazi, akasimama pale akitazama chini. Wimbi lilikuwa likipanda juu ya saruji na kurusha maji hadi kwenye ngazi za juu. Alitazama muda mrefu kidogo. Kisha akaja akaingia garini.

Kutoka Karpata ilitubidi tupite Rincon, tushuke hadi mjini Kralendijk, kisha tupande tena barabara ile ile ya pwani kuvifuata vyombo vyetu. Mahali ambapo ni jirani tulipafikia kwa kuzunguka. Ni ndani ya gari hilo, katikati ya vilima, ndipo nilipofanya kosa ambalo hasa nimekuja kuliungama hapa. Nilisema, "Mwanangu, unavuta hewa nyingi sana. Lazima ujifunze kutulia." Akasema, "Ndiyo, mjomba." Jioni, kwenye nyumba ya wageni, mtu akatuuliza siku imekwendaje, nikasimulia tena: mkondo ulibadilika ghafla, kijana bado mgeni, hewa ikamwishia. Watu wakampa moyo. Mmoja akamfundisha namna ya kuhesabu pumzi. Alisikiliza kwa adabu.

Wazamiaji wana kitabu cha kumbukumbu. Kwa kila mzamio unaandika kina, muda, hewa ya kuanzia na ya kumalizia, na mwenzako anatia saini kuthibitisha. Usiku ule aliniletea chake. Kwenye nafasi ya maelezo alikuwa ameandika kwa Kiholanzi, kwa mwandiko wake wa kulala, kwamba mkondo ulikuwa wa kinyume, kwamba alimaliza hewa mapema kwa sababu ya kupumua vibaya, na kwamba kosa lilikuwa lake. Nikasoma hadi mwisho. Kalamu alikuwa ameniletea. Nikatia saini.

Hajaacha kuzamia, ila hazamii nami. Ilianza kwa ratiba za kazi, ikaendelea kwa masomo, kisha hatukutafuta sababu tena. Dada yangu anadhani tumekuwa watu wazima tu.

Mwaka huu, baada ya Idi, nilimpigia simu. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nikamwambia kwamba siku ile sikushuka kwenye ngazi, kwamba hesabu ilikuwa ya mapafu yangu, kwamba boya nililiona. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nilijua, mjomba. Nilijua niliposimama pale juu ya ngazi. Hakuna mtu anayeshuka pale akarudi na viatu vikavu, na wewe ulinijia na vumbi viatuni."

Nikamuuliza sasa kwa nini aliandika vile. Akasema, "Ningeandikaje, na mwenye kutia saini ni wewe?"

Nimemwomba anipigie picha ule ukurasa anitumie, niandike kando ya saini yangu yale niliyopaswa kuyaandika. Amesema ataangalia kitabu kiko wapi. Wiki ya tatu hii, hajatuma.